Plagi Moja Nyeupe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku moja nilimrushia mteja spana kwa sababu aliniambia nimefunga nati upande, na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo baya la hasira zangu: hunipanda zaidi pale ninapokuwa nimekosea. Ninalisema mapema ili anayesoma asinitafutie wema mahali ambapo haupo.

Gereji yangu iko Kihanga, kando ya barabara ya kwenda Rubwera, mabati sita juu ya nguzo za mkaratusi. Pikipiki ndizo zinazonilisha. Kijiwe cha bodaboda kiko hatua chache kutoka kwangu, na hakuna injini pale ambayo sijawahi kuifungua. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanja chake, yaani nyumba na migomba yake, palikuwa na meza ya mtu mmoja aliyeuza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Mwenzangu huyu tulipata kipaimara pamoja. Miaka miwili tulikaa benchi moja tukifundishwa katekisimu, na siku yenyewe nilivaa viatu vya kaka yake kwa sababu mimi sikuwa na viatu. Ukubwani aliimba besi kwaya ya usharika, sauti nzito iliyotingisha madirisha, na asubuhi akipanga chupa zake alikuwa akiijaribu sauti hiyo mpaka namwambia atawafukuza wateja.

Huku kwetu petroli ya chupa ni jambo la imani. Wapo wanaoichakachua kwa mafuta ya taa, na wanaoumia ni vijana wa bodaboda. Pikipiki inaanza kutoa moshi, inakosa nguvu mlimani, ukifungua plagi unakuta nyeusi tii, masizi mpaka kwenye nyuzi. Nimewafungulia plagi za namna hiyo mara nyingi mno. Nimewaona wakizishika mkononi na kuziangalia namna mtu anavyomwangalia mbwa aliyemuua kuku wake. Kila mmoja wao alikuwa na deni la hasira moyoni dhidi ya muuza mafuta fulani asiyemjua.

Halafu likaja gari la gesi.

Mwenye gari alikuwa mtumishi wa ofisi za wilaya Rubwera, kwao Muleba, aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Gari lake dogo lilikuwa limefungwa mfumo wa gesi asilia kule, mtungi mkubwa umelala kwenye buti kama ng'ombe aliyeshiba. Kagera hii gesi ya gari haipatikani, kwa hiyo alipofika huku alikuwa akilitembeza kwa petroli tu, na ule mtungi akaubeba bure. Alinijia wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuieleza. Alisema gari likisimama kwenye foleni au likipungua mwendo, linatetemeka na kutaka kuzimika, lakini likikimbia halina neno.

Nilifungua boneti nikaona mipira na nyaya ambazo sijawahi kuziona. Niliuogopa ule mtungi. Jibu la haki lilikuwa kumwambia, mkuu, mfumo huu siujui. Sikumwambia. Nilifunga boneti kwa kishindo cha mtu anayejua, nikamwambia ni mafuta ya huku, gari lako lilizoea ya mjini, utazoea na wewe. Akacheka, akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimechuchumaa juu ya beseni nikinawa mafuta ya taa, maana ndiyo tunayotolea grisi mikononi. Yule mtumishi alisimama ng'ambo, akanunua chupa tano kwa mwenzangu, nne akazimimina tangini na moja akaiweka chini ya kiti. Akapanda mlima kuelekea Rubwera. Mbele yake kulikuwa na lori la mikungu ya ndizi linalokwenda taratibu. Akapunguza mwendo, na pale pale gari likapiga kishindo ndani ya boneti, likazimika.

Injini ikizimika, breki za gari la namna ile huwa ngumu. Alikanyaga, anasema, kwa miguu yote miwili. Gari likarudi nyuma. Nyuma yake alikuwa kijana wa bodaboda, na gari likamsukuma mpaka kwenye jiwe la kalavati, likambana paja kati ya jiwe na bampa. Nilisikia mfupa. Watu husema hawakusikia kwa sababu ya ukelele wake, lakini mimi nilisikia mfupa kwanza na ukelele baadaye.

Tulikimbia wote. Tulilisukuma gari kwa mabega, tukamtoa kijana, mguu ukiwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wawili wakampakia kwenye pikipiki katikati yao kumwahisha hospitali, na damu ikawa inadondoka kwenye vumbi njia nzima. Waliobaki wakamgeukia mtumishi. Walimtoa dirishani. Shati lilichanika mgongo mzima, na mwenyekiti wa kijiwe, mwanaume mpana ambaye majeruhi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, alimpiga helmeti usoni mara mbili kabla mtu hajaweza kumuuliza lolote.

Mtumishi alikuwa anatema damu na kusema neno moja tu, mafuta. Nimeweka mafuta hapo chini sasa hivi. Akaonyesha chupa chini ya kiti. Mwenyekiti akaitoa, akanipa mimi.

Wengine walikuwa wameshamleta mwenzangu. Alikuja kwa miguu yake, bado anafuta mikono kwenye suruali, akiuliza kijana anaendeleaje.

Nilifungua chupa, nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua vidole, nikanusa. Ndivyo tunavyofanya sote. Harufu ya mafuta ya taa ikanijaa puani. Watu wote walikuwa wameninyamazia, watu thelathini labda, na sitaficha kwamba niliupenda ule ukimya. Nilijisikia mkubwa.

Nikasema, "Haya yamechakachuliwa. Kuna mafuta ya taa humu."

Mwenzangu aliniangalia kama hajaelewa lugha niliyoisema. Kisha kofi la kwanza likamwangukia, na baada ya hapo sikumwona tena uso, niliona migongo.

Nilidhani yatakuwa makofi machache. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini kila mmoja alikuwa na injini yake iliyokufa, na siku hiyo wote walimwona aliyeiua. Walimpiga kwa helmeti, wakampiga kwa buti, wakamburuta kwa miguu mpaka mbele ya meza yake huku kichwa kikigongagonga kokoto. Mmoja aliingia gereji kwangu bila kuniuliza, akatoka na mpini wa jeki. Mpini wangu. Niliutambua kwa mpira mwekundu nilioufunga kwenye shikio. Wakafungua chupa moja moja na kummiminia mwilini, nyingine kichwani, na alipofumba macho mtu akamfumbua kwa vidole ili petroli iingie.

Mke wake alitoka kibanjani mbio, waliokuwa wakilima naye wakitupa majembe nyuma yake, akajitupa juu ya mumewe. Walimnyanyua kama mzigo wa majani wakamweka pembeni. Alikuwa akilia kwa Kinyambo, anamwita Mungu, anawaita kwa majina ya baba zao, maana wengi wao aliwajua tangu wakiwa watoto.

Mtu alitoa kiberiti.

Hapo mwenzangu akaanza kuapa. Akaapa kwa ubatizo wake na kwa kaburi la baba yake, na ile besi yake ikatoka nzito hata katikati ya kikohozi. Mmoja wa vijana, aliyekuwa naye kwaya, akasita. Akasema tusichome kwanza, fundi afungue plagi za gari. Kila mtu pale alijua kwamba mafuta ya taa huacha masizi. Mwenyekiti akafikiri, kisha akanigeukia.

"Fungua," akasema. "Zikitoka nyeusi, tunamchoma. Wewe utatuonyesha."

Nilikwenda kuchukua spana ya plagi. Gari walishalisukuma mpaka mbele ya gereji. Nikafungua boneti, nikatoa koili ya kwanza inayofunika plagi, nikateremsha spana ndani ya tundu, nikazungusha. Watu walinibana mpaka nikahisi pumzi zao shingoni.

Plagi ya kwanza ilitoka na rangi ya kahawia, rangi ya moto mzuri. Ya pili vilevile. Ya tatu ikatoka nyeupe kama chaki, imekauka, ncha yake inang'aa. Ya nne kahawia.

Nilizipanga juu ya kitambaa na nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Plagi nyeupe maana yake moto wake umepata hewa nyingi na mafuta kidogo. Hilo halitoki kwenye mafuta ya taa, ambayo huleta weusi. Na kama kosa lingekuwa la mafuta yenyewe, yangeharibu zote nne, maana zote nne hunywa tangi moja. Hapa ilikuwa moja tu. Kwa hiyo kuna hewa iliyokuwa inaingia kwa wizi karibu na pistoni ya tatu, na petroli ya mwenzangu ilikuwa nzima. Sasa kama ilikuwa nzima, ile harufu niliyoinusa ilitoka wapi?

Niliviangalia vidole vyangu. Vilikuwa bado vinateleza kwa mafuta ya beseni.

Na wakati huohuo, kutoka chini, kutoka kwenye tope la petroli na vumbi, nikamsikia. Yeye aliniona nikivuka barabara nikiwa na mikono mibichi. Alikuwa amelifikia jibu kabla yangu.

"Mnuseni mikono," alisema. "Mnuseni fundi mikono."

Sauti ilikuwa imevunjika, na meno mengine hayakuwepo, kwa hiyo maneno hayakutoka sawasawa. Wengi hawakuyashika. Waliodaka neno la mikono walidhani anaomba wasimkanyage mikono. Mimi nilimwelewa kama nilivyomwelewa benchini tukiwa na miaka kumi na minne.

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu: nimekosea, nilinusa mikono yangu. Ingemaliza kila kitu muda uleule. Lakini niliwaangalia wale watu, nikauangalia mpini wangu wa jeki ukiwa umelowa, nikaona ile sentensi itakaposikika wataniacha mimi nimelala pale alipolala yeye. Niliogopa kufa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Nikajitia hamnazo.

Mwenyekiti aliokota ile plagi nyeupe akaniuliza ni nini hii. Mtu nyuma akasema nyeupe ni mbaya zaidi, huyu ameweka maji. Wakaanza kunguruma upya. Nikasema, "Ngojeni. Sijamaliza."

Nikaenda kwenye beseni la maji ya sabuni, lile la kutafutia pancha za tyubu, na kabla ya kulibeba nikanawa mikono. Nilinawa vizuri, mpaka kwenye viwiko. Nilijiambia ni kazi, mikono safi inahisi vizuri zaidi. Uongo huo niliutunga pale pale na kuuamini pale pale.

Nikarudisha plagi, nikawasha. Gari likawaka likitetemeka, boneti inacheza. Nikainamisha kichwa. Injini ya kawaida huvuta hewa kupitia kichujio, na kompyuta yake huipima ile hewa na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Hewa ikipita mlango mwingine haipimwi, na mafuta yanakuwa pungufu. Ukikimbia, injini inavuta hewa nyingi mno, ule wizi mdogo hauonekani. Ukipunguza mwendo ndipo unaonekana, na gari linazimika. Mtumishi alikuwa ameniambia hayo yote wiki moja kabla, kwa Kiswahili safi, na mimi nikafunga boneti.

Nilifuata bomba la kuvutia hewa kwa vidole. Mafundi wa gesi walikuwa wamelitoboa matundu manne, wakaweka kwenye kila tundu pua ndogo ya shaba na mpira mwembamba wa kuletea gesi. Gesi haikuwepo, lakini matundu yalikuwepo. Nilisikia mluzi mwembamba chini ya mtetemo, na sikuweza kujua unatoka wapi kwa sababu ya kelele za watu.

Nyuma yangu mtu aliuliza tunangoja nini. Mwingine akasema huyu hawezi kuuza tena hata akipona, na nikasikia mpini ukishuka juu ya kitu kilichokuwa juu ya jiwe. Ukashuka tena. Besi ya mwenzangu ilipanda mpaka ikawa sauti ya mtoto, halafu ikakatika. Walikuwa wameuweka mkono wake wa kulia kwenye jiwe la kuegemezea meza. Sikugeuka. Nilikuwa namwaga maji ya sabuni kwenye mpira wa kwanza, nangoja, kwenye wa pili, nangoja. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanichukiza mpaka leo kuliko mengine.

Kwenye mpira wa tatu povu likazama. Lilivutwa ndani kama mtu anayekunywa uji, na injini ikabadilisha mlio kwa nukta moja. Mpira ulikuwa umepasuka shingoni, pale unapokaa kwenye shaba, ufa wa urefu wa ukucha. Nikauziba kwa kidole gumba. Gari likatulia. Likatulia kabisa, mpaka mtu wa nyuma akadhani limezimika.

Nikamshika mwenyekiti mkono, nikakibandika kidole chake pale pale. Toa, nikamwambia. Akatoa, gari likatetemeka. Weka. Likatulia. Toa. Weka. Alifanya hivyo mara nne au tano, uso wake una jasho na damu ya watu wawili. Nikamwambia mafuta yaliyomo tangini ni yaleyale ya chupa, hayajabadilika, kilichobadilika ni kidole chako. Nikakata ukanda wa tyubu, nikafunga ule ufa kwa nguvu, nikamwacha asikilize. Injini ilinguruma taratibu kwa petroli ya mwenzangu, nzuri kama siku iliyotoka kiwandani.

Kiberiti kilirudi mfukoni. Watu wakaanza kutafuta helmeti zao. Hakuna aliyemwambia mwingine twende, walipungua tu. Mtumishi, na midomo yake iliyovimba, ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Tukamweka mwenzangu kwenye kiti, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, na lile gari la gesi likamkimbiza hospitali kwa mpira niliouziba mimi.

Polisi walikuja jioni hiyo. Hakuna aliyekuwa ameona chochote, na mimi niliwaeleza habari za mpira.

Hospitali walimkata vidole vitatu. Macho yalipona, lakini moja hulia bila sababu. Meno ya mbele yameondoka, na besi imeondoka nayo, kwa maana anauficha mdomo kwa kiganja anapozungumza, na huwezi kuimba huku umejiziba mdomo. Kijana wa mguu alipona na kurudi barabarani akichechemea.

Mimi nikawa shujaa. Nilisifiwa kanisani, kwamba yuko fundi aliyetulia wakati wengine wamepagawa, akaokoa roho ya ndugu yake. Watu waligeuka kunitazama. Mke wa mwenzangu aliniletea mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa heshima zote za kwetu, akapiga magoti mlangoni kwangu akanishukuru. Nilipokea. Nilikunywa ile rubisi mpaka ya chini, kisha nikalipiga teke beseni la kunawia mpaka likapasuka, na mke wangu alipouliza kuna nini nikamfokea kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Kwa majuma mengi niligombana na kila aliyeleta pikipiki. Mmoja alinisifia kwa ile siku, nikamkaba shati. Watu wakasema umaarufu umenipanda kichwani.

Kilichonitoa mafichoni ni meza yake. Alipopata nafuu alirudi kuipanga asubuhi, kwa mkono wa kushoto, chupa moja moja. Hakuna aliyesimama. Bodaboda wote walipita wakaenda kununua kwa mtu mwingine huko mbele, ambaye mimi najua kwa plagi kwamba anachakachua. Nilimwona mwenzangu anakaa nyuma ya zile chupa mpaka jua linazigeuza rangi, na jioni anazirudisha ndani zote.

Nilivuka barabara mchana mmoja msimu wa kahawa. Alikuwa ameianika uani, anaigeuza kwa mguu. Nikamwamkia, akanikaribisha, akanisukumia kigoda. Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mafuta ya taa, mikono, ile sauti yake kutoka chini, kwamba niliisikia na nikaiacha. Nilimwambia na habari za kunawa.

Aliendelea kugeuza kahawa. Nilitamani anirukie. Kama angenipiga ningemshukuru.

"Ulinisikia," akasema, kiganja mdomoni.

"Nilikusikia."

"Basi kawaambie wao. Mimi nilikuwepo."

Nikaenda moja kwa moja, hata sikupitia gereji, maana nilijijua kwamba nikikaa chini sitainuka. Walikuwa kijiweni karibu wote, mwenyekiti amelala juu ya pikipiki yake. Nikawaambia kwa sauti. Nikawaambia petroli ile haikuwa na kitu, harufu ilikuwa ya mikono yangu, nilijua nikanyamaza, na vidole vitatu vya mtu vimekatwa katikati ya kunyamaza kwangu. Nikamaliza, nikangoja wanirukie. Nilikuwa nimeshaikaza shingo.

Hakuna aliyeinuka. Walitazamana. Mwenyekiti akaketi polepole, akaniambia kwa upole, namna unavyozungumza na mgonjwa, kwamba nisijitese. Mpira ulikuwa mbovu, sawa, hilo ni la gari. Lakini mafuta nayo yalikuwa mabaya.

"Sote tuliyanusa, fundi," akasema.

Nikamuuliza nani aliyenusa. Mmoja akasema yeye, alipokuwa anammiminia, harufu ya taa ilikuwa wazi. Mwingine akasema hata nguo zake zilinuka taa siku tatu. Yule wa kwaya, ambaye ndiye aliyeomba plagi zifunguliwe, aliangalia chini akasema na yeye alisikia kidogo. Niliwatazama usoni mmoja mmoja nikaona hawadanganyi. Walikuwa wanakumbuka.

Nilimpiga mwenyekiti. Nilimpiga ngumi ya mdomo na uzito wangu wote, akaanguka na pikipiki yake, nikamfuata chini nikiwa napiga na kusema haikuwa na kitu, haikuwa na kitu. Walinitoa juu yake kwa mateke. Mmoja alinipasua juu ya jicho, mwingine alinikanyaga mbavu mpaka nikasikia kitu kimelegea, lakini hawakuwa na ari, walipiga kama watu wanaotimiza wajibu, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewaambia waniache, fundi amelewa. Wakaniinua, wakanifuta vumbi.

Nilivuka tena barabara nikishikilia ubavu. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, ameona yote. Aliniuliza wamesemaje.

Nikamwambia hawaamini. Nikamwambia wanasema nao waliinusa.

Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, lile linalolia bila sababu, na hakulifuta. Kisha akaondoa kiganja mdomoni, mara ya kwanza tangu siku ile, nikaona lile pengo lote.

"Uliwapa pua yako," akasema. "Sasa utawanyang'anya vipi?"

Akaanza kumimina chupa zile kwenye dumu, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Halafu akaniomba nimsaidie kuiingiza meza ndani. Nikashika upande mmoja, yeye akashika upande wa pili kwa mkono wa kushoto.